Wiki ya tatu ndiyo inayotupotezea wagonjwa: dawa za ugonjwa wa wasiwasi wa kurudiarudia

Na Mfamasia wa kliniki ya afya ya akili, Dodoma

Dada mmoja anayeuza zabibu Soko la Majengo aliweka bahasha ya dawa mezani kwangu, akaisukuma kwa kidole kimoja. Nilimpa kapsuli thelathini. Zilikuwa zimebaki tisa. "Dokta, zichukue tu. Wiki tatu nimemeza, sijaona kitu zaidi ya kichefuchefu." Mikono yake ilikuwa imepauka hadi viwikoni, na ngozi ya vidole imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kwao Nkuhungu maji siku nyingine ni ya kununua kwa dumu, na yeye peke yake alikuwa anamaliza madumu manne kwa siku, ya kunawa tu. (Kisa hiki nimekichanganya kutoka kwa watu kadhaa, mtu asijitafute humu.)

Ugonjwa wake kitaalamu unaitwa OCD: mawazo yanayomrudia mtu bila kuyataka, na vitendo anavyojiona analazimika kuvirudia. Mitaani tunauita wasiwasi, na neno hilo halijakosea sana. Masheikh wanamjua vizuri mtu anayerudia udhu mpaka jamaa wanamaliza swala yuko bado bombani. Wachungaji nao wanamjua muumini anayejiwa na tusi kichwani kila akipiga magoti, akatetemeka kwa hofu kuwa amemkufuru Mungu, wakati hata hakulitaka tusi lenyewe. Wapo wa kufuli, wapo wa kuhesabu, wapo wa kupanga. Kila mtu hurudi kuangalia jiko la gesi mara moja moja. Tunaanza kusema ni ugonjwa pale mawazo na vitendo hivyo vinapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au vinapomharibia mtu kazi, shule au ndoa. Katika watu 100, wawili hivi huupata katika maisha yao.

Kuna njia ya mzunguko ndani ya ubongo: inaanzia sehemu ya mbele juu ya macho, inapita kwenye viini vya ndani viitwavyo striatamu, inafika talamasi na kurudi ilikotoka. Njia hii inahusika na kuona kasoro, na pia na kukuambia kuwa kasoro imekwisha, endelea na mengine. Fikiria daladala ambayo konda hagongi bodi. Abiria wameshuka, mlango umefungwa, dereva bado amekanyaga breki anasubiri ishara. Dada yetu anaona kwa macho yake kuwa mikono ni safi. Ishara ya "twende" ndiyo haiji.

Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipiga picha za ubongo za wagonjwa kabla na baada ya matibabu. Waliopata nafuu kwa dawa ya fluoksetini, na waliopata nafuu kwa tiba ya mazoezi ya tabia bila dawa, wote walionekana kupungukiwa na ule uchemkaji kupita kiasi kwenye sehemu moja ya striatamu. Huwa nawasimulia hili ndugu wanaoniuliza kama ni jini au ni ugonjwa. Nawasimulia pia wenzangu wanaodhani ushauri nasaha ni maneno matupu na dawa ndiyo tiba halisi.

Sasa turudi kwenye bahasha. Dawa tunazoanza nazo ni zile zinazogusa serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya ubongo: fluoksetini, setralini, fluvoksamini na wenzao. Ni zilezile za sonona, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu kwa OCD zinatumika tofauti. Kwanza, dozi ni kubwa zaidi. Mgonjwa wa sonona mara nyingi hutosheka na fluoksetini miligramu 20. Wa OCD kwa kawaida hupandishwa taratibu hadi 40 au 60, wengine hadi 80. Setralini inaweza kufika 200. Pili, zinachelewa. Serotonini inaguswa ndani ya saa chache tangu umeze kidonge, lakini nafuu inasubiri ubongo wenyewe ujizoeze upya, na hiyo ni kazi ya wiki 8 hadi 12. Kwa hiyo yule dada aliyekuwa bado kwenye fluoksetini 20, wiki ya tatu, hakuwa ameijaribu dawa. Alikuwa ameonja madhara yake tu. Kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuruka na wasiwasi kupanda kidogo huja mwanzoni, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki mbili tatu. Kupungua kwa hamu au uwezo wa tendo la ndoa kunaweza kudumu zaidi, na wagonjwa hawalisemi, hasa wanaume. Wanaacha dawa kimyakimya. Semeni. Lina utaratibu wake.

Kwa vijana walio chini ya miaka 25 naomba familia iwe macho wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa. Akianza kuongelea kufa, au akibadilika ghafla, arudishwe kliniki siku hiyohiyo.

Tukisema dawa imefanya kazi hatumaanishi kila kitu kimefutika. Tunatumia kipimo cha maswali cha Yale-Brown, alama 0 hadi 40. Mtu akitoka 28 akafika 18 tunafurahi kweli, ingawa yeye anaweza kulalamika kuwa bado. Karibu nusu ya wagonjwa hupata nafuu ya namna hiyo kwa dawa ya kwanza ikitumika kwa dozi kamili na muda kamili.

Ipo pia klomipramini, mkongwe wa kundi hili. Marekani iliiidhinisha kwa OCD mwaka 1989, ya kwanza kabisa kwa ugonjwa huu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ni dawa nzuri yenye masharti: inakausha mdomo, inafunga choo, dozi ikizidi inaweza kuleta degedege au kuvuruga mapigo ya moyo, na mtoto akimeza za mama yake ni hatari ya kifo. Kabla ya kupandisha dozi huwa tunataka kipimo cha umeme wa moyo. Halafu kuna jambo ambalo huku kwetu halisemwi vya kutosha: dawa mseto ya malaria, ALu, haipatani na klomipramini, kwa kuwa inazuia ini kuivunjavunja na zote mbili zinagusa moyo. Ukipimwa malaria ukakutwa nayo, mwambie anayekuandikia dawa kuwa unatumia klomipramini kabla hujatoka dirishani.

Amitriptilini ni ndugu wa klomipramini na inapatikana kwa urahisi, lakini kwa OCD haijaonyesha nguvu hiyo. Diazepamu inampa mtu usingizi, haimpi tiba. Naona wagonjwa waliokaa miaka na hizo mbili.

Dawa mbili zikishindwa kwa dozi na muda unaostahili, daktari anaweza kuongeza risperidoni au aripiprazoli kidogo. Kama theluthi moja ya wanaoongezewa hunufaika. Ndugu wakisoma karatasi ya ndani ya boksi na kuona imeandikwa skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, hushtuka. Hapa kazi yake ni kuisaidia dawa ya kwanza. Na katika hatua zote hizi, tiba ya kujizoeza kukabili kinachoogopesha bila kunawa inakwenda sambamba na dawa.

Ya mashine nitayapitia haraka. Kusisimua ubongo kwa sumaku kutokea nje ya kichwa kuliruhusiwa Marekani kwa OCD mwaka 2018. Kupandikiza nyaya ndani ya ubongo kulipata kibali maalumu huko mwaka 2009, kwa wachache ambao kila kitu kimeshindikana. Matibabu ya mshtuko wa umeme, ambayo wengi wakisikia jina Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma, ndiyo wanayoyafikiria, si tiba ya OCD.

Yule dada alirudi nyumbani na bahasha yake. Tulipanda hadi 60. Wiki ya kumi na moja alikuja na hesabu ya dumu moja na nusu, na swali: naacha lini?

Jibu ni mwaka mmoja hadi miwili baada ya nafuu, kisha kushuka polepole kwa miezi, daktari akijua. Hapa Dodoma dawa nyingi zinakatika mvua zinapoanza. Mtu anakwenda shamba Kongwa au Bahi na vidonge vya wiki moja, anakaa wiki sita. Fluoksetini inatoka mwilini taratibu na siku chache inakusamehe. Setralini haikusamehi hivyo: siku ya pili au ya tatu kinakuja kizunguzungu, hasira za bure, na kitu kama umeme kukatiza kichwani. Wengi hudhani ugonjwa umerudi na nguvu mpya, wakati ni dawa iliyokatwa ghafla. Ukijua unakwenda kulima, njoo dirishani kabla ya kupanda basi, utuambie ni wiki ngapi.