Kapasita ya tantalamu ni nini, na koltani inaingilia wapi?

Hapa Goma hakuna asiyelijua jina la koltani. Ila ukiuliza inafanya kazi gani ndani ya kompyuta, wengi watakujibu kwamba inahifadhi data, au kwamba ndiyo betri yenyewe. Si hivyo. Kazi yake kubwa imo kwenye kifaa kidogo kuliko punje ya mahindi, yaani kapasita. Mafundi wetu huiita kondansateri.

Kapasita inashika umeme kidogo na kuutoa papo hapo. Ndani yake mna pande mbili zinazopitisha umeme, na katikati utando usiopitisha. Uwezo wake hupimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina la Michael Faraday, lakini kwenye bodi za kompyuta tunahesabu kwa mikrofaradi, sehemu ya milioni ya faradi moja.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haitumii umeme kwa kiwango kimoja. Ilikuwa imetulia, umefungua video, na mahitaji yake yameruka kabla hata mikrosekunde moja haijaisha. Saketi inayoiletea umeme haiwezi kubadilika kwa kasi hiyo. Ni kama nyumba inayochota maji ziwani: kiu ya sasa hivi inakatwa na dumu lililoko jikoni, huku mtoto bado yuko njiani. Kapasita zikikosekana, volti zinashuka ghafla na kompyuta inajizima au inakosea hesabu. Umeme wa mtaa ukikatika, hata hivyo, usizitegemee: kapasita ya mikrofaradi 100 yenye volti 1 imebeba mikrojuli 50 tu, wakati laptopu inakula makumi ya juli kila sekunde.

Sasa koltani. Ni madini yenye tantalamu na niobi. Ile ya Rubaya, kule Masisi, huchimbwa kwa mikono, ikaoshwa na kujazwa magunia. Kusafishwa hufanyika mbali, katika viwanda vya nchi kama China na Kazakhstan. Inaniuma kwamba kijana anayebeba gunia hilo hajawahi kuonyeshwa kile kinachotoka mwishoni, kwa sababu ni kazi ya ajabu kweli.

Unga wa tantalamu hushindiliwa kuzunguka waya mwembamba, kisha huchomwa mahali pasipo na hewa mpaka chembe zishikane bila kuyeyuka (tantalamu huyeyuka ikipata nyuzi joto karibu 3,000). Kinachobaki ni kipande chenye vitundu vingi mno ndani. Kipande hicho hutiwa kwenye kimiminika na kupitishiwa umeme, na juu ya kila chembe huota utando wa oksidi, ndio ule usiopitisha umeme, wenye unene wa takriban nanomita 2 kwa kila volti iliyotumika kuuotesha. Eneo kubwa, utando mwembamba: ndiyo siri ya mikrofaradi nyingi kuingia mahali padogo. Kapasita za kauri ndizo nyingi zaidi kwenye bodi na hujibu haraka zaidi, lakini nyingi hupoteza sehemu ya uwezo wao zikibeba volti. Ya tantalamu haitetereki hivyo.

Ukifungua laptopu ya zamani, tafuta kipande cha mstatili, cha manjano au cheusi, chenye mstari upande mmoja. Namba 107 maana yake ni 10 ikifuatwa na sufuri 7, kwa pikofaradi (sehemu ya milioni ya mikrofaradi), yaani mikrofaradi 100. Mstari ni upande chanya. Kwenye zile za alumini zenye umbo la kopo, mstari ni upande hasi, kwa hiyo usikariri kanuni moja. Ya tantalamu ikigeuzwa inaweza kuwaka moto.

Ikifa, mara nyingi hushika shoti na kompyuta haiwaki kabisa. Chomoa chaja na betri, weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya mlio, gusa pande mbili za kapasita. Mlio usiokoma unatia shaka, ila karibu na prosesa hata bodi isiyo na kasoro inaweza kulia, maana prosesa yenyewe ina ukinzani mdogo sana. Hapo ing'oe, uipime peke yake kabla ya kuilaumu.