Nine Inch Nails ilikuwa bendi ya mtu mmoja

Wengi waliowaona Nine Inch Nails jukwaani kwenye tamasha la muziki la Woodstock, Marekani, mwaka 1994, wametapakaa matope kuanzia kichwani hadi miguuni, huamini kwamba wanamuziki wale wote ndio waliotunga na kurekodi albamu zake. Sivyo. Wale walikuwa wapigaji wa jukwaani. Tangu mradi huo uanze mwaka 1988 mjini Cleveland, Marekani, mwanachama wake rasmi alikuwa Trent Reznor peke yake.

Wakati huo Reznor alifanya kazi katika studio moja mjini humo, kazi za usafi zikiwemo. Wateja wakishaondoka, mwenye studio alimruhusu kutumia mitambo. Usiku anapiga kinanda, anashika gitaa, anaimba, ngoma anazipanga kwenye kompyuta, kisha anaziunganisha sauti hizo tabaka juu ya tabaka. Kadhaa kati ya nyimbo hizo za majaribio ziliingia kwenye albamu ya Pretty Hate Machine ya 1989. Watayarishaji kama Flood walimsaidia, na baadaye alialika wapiga vyombo wengine, lakini uamuzi wa mwisho ulibaki wake.

Ndiyo maana wapigaji walibadilika mara kwa mara na jina halikuyumba. Hilo haliwapunguzii heshima hata kidogo. Kuzipiga nyimbo za mwenzako kwa ukali ule ni kazi kubwa.

Mwanachama rasmi wa pili, Mwingereza Atticus Ross, aliingia mwaka 2016. Kufikia hapo wawili hao walikwishapata Oscar kwa muziki wa filamu ya The Social Network.