Mkunga aliyesomea, na tabia ya "tuanzie nyumbani": maswali na majibu

Maswali haya tunaulizwa karibu kila siku ya kliniki katika zahanati zetu za vijijini. Waulizaji wengi si wajawazito wenyewe. Ni waume na mama wakwe, na mara nyingi hao ndio wanaoamua mama atoke nyumbani lini.

Mkunga mwenye taaluma ni nani?

Ni mtu aliyesomea ukunga chuoni, akafaulu na kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na mwanafunzi huzalisha chini ya usimamizi kabla ya kuachiwa mama peke yake. Wapo wanaume pia. Wanajua kazi, msiwakatae.

Bibi yetu amezalisha kijiji kizima. Huyu binti wa chuo anamzidi nini?

Mambo yakienda sawa, huenda msione tofauti. Tofauti huonekana yakiharibika. Mkunga aliyesomea hupima presha, husikiliza moyo wa mtoto na kuchora mwendo wa uchungu kwenye patografu, hivyo anajua mapema kwamba njia haifunguki inavyotakiwa. Mtoto akitoka, ndani ya dakika moja mama anadungwa oksitosini ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isimwagike. Mtoto asipolia, anasaidiwa kupumua kwa ambu, yaani kifaa cha mkono cha kumsukumia hewa. Bibi ana mikono mizuri na moyo wa huruma, lakini hana vitu hivyo.

Si bibi apewe semina tu?

Ilishajaribiwa. Miaka ya 1970 na 1980 nchi nyingi ziliwapa wakunga wa jadi kozi fupi na vifaa, lakini vifo vya uzazi havikupungua kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO (afya), UNFPA (idadi ya watu) na UNICEF (watoto), pamoja na Benki ya Dunia, walitoa tamko la pamoja wakisisitiza mhudumu mwenye ujuzi katika kila uzazi. Bibi bado ana kazi: amlete mama mapema, akae naye, amtie moyo.

Tunaanzia nyumbani, ikishindikana tunakuja. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba "ikishindikana" mnaijua mkiwa mmeshachelewa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Katika saa hizo mbili atafutwe bodaboda, zitafutwe hela, asubiriwe mume arudi shambani, mto uvukwe. Msianzie nyumbani.

Na kama ni mzao wa tano, njia si imeshazoea?

Hapana. Aliyezaa mara nyingi ndiye tunayemhofia zaidi, kwa sababu mfuko wake unaweza kushindwa kukaza na damu ikatoka kama bomba. Msianzie nyumbani.

Na kama vifaa havijatimia?

Njooni bila vifaa. Tunaona mama amecheleweshwa kwa sababu ya beseni na mpira wa kulalia! Hayo tutayamaliza hapahapa. Msianzie nyumbani.

Subira si huvuta heri?

Kwenye mambo mengine. Uchungu ukianza au chupa ikipasuka, ondokeni saa ileile, hata kama ni usiku.

Dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu inafaa?

Haifai, na tumechoka kuikuta. Hakuna anayejua kipimo chake. Mfuko unaweza kukaza bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, na mwishowe mfuko ukapasuka, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa. Kama ameshainywa, semeni mara tu mnapofika. Hatuji kugombana nanyi, tunataka kujua tunapambana na nini.

Tujiandae vipi?

Anayekaa mbali ahamie chigonella, yaani nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, au kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki chache kabla ya tarehe yake. Kwa Tanzania Bara, namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni bure kupiga. Akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana huku macho yanaona giza, akipata degedege au mtoto akiacha kucheza, msisubiri uchungu.

Binti yetu amefaulu sayansi kidato cha nne. Anaweza kuwa mkunga?

Anaweza, akiwa na ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia pamoja na masharti mengine ya chuo. Ila kusomesha peke yake hakutoshi. Wakunga wanapangiwa kijijini, wanakuta hakuna nyumba wala maji, na usiku wanazalisha kwa tochi ya simu. Kisha mnashangaa wakiomba uhamisho. Serikali ya kijiji ianze na nyumba ya mtumishi jirani na zahanati. Mkunga aliyepanga kilomita sita kutoka hapo hawezi kuwahi uchungu wa saa nane usiku.