Mzigo wa kilomita elfu: nilivyopakia baiskeli kwa Race Around Rwanda

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaojiandaa kwa mbio ndefu ni hili: "Fundi, mzigo wako ulikuwa kilo ngapi?" Najibu, kisha nawaambia kwamba jibu hilo halitawasaidia sana. Kilo moja ya ziada itakuchosha, sawa, lakini kinachokula muda ni kusimama. Piga hesabu mwenyewe. Ukisimama dakika kumi kila saa kuvaa koti, kuvua koti na kufukua chaja chini ya soksi, kwa saa 16 za kunyonga umepoteza dakika 160. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hizo ni kilomita 40. Hakuna fremu ya kaboni itakayokurudishia kilomita 40 kwa siku.

Kwa wasioijua, Race Around Rwanda ilianza 2020. Hufanyika Februari, mzunguko wa takriban kilomita 1,000 unaoanzia na kuishia Kigali, lami na vumbi vikipokezana. Saa haisimami: ukilala, ukila, ukiziba pancha, muda unahesabiwa. Gari la timu halipo. Kanuni ni ile iliyoenezwa na Transcontinental, mbio za kuvuka Ulaya alizozianzisha Mwingereza Mike Hall mwaka 2013: jitegemee, na huduma yoyote utakayoitumia iwe ile ambayo kila mshindani anaweza kuipata. Duka liko wazi, nunua. Gesti ipo, lala. Shemeji yako wa Musanze akikuletea wali barabarani, umevunja kanuni.

Kabla ya mabegi kuna gia, maana kwa gia isiyofaa mzigo wowote ni mzito. Mbele niliweka sahani moja ya meno 30, na nyuma ile kubwa kabisa ilikuwa na meno 42. Kwa gurudumu la saizi 700, pedali ikizunguka mara moja unasogea kama mita moja na nusu. Ukinyonga mizunguko 60 kwa dakika, unapanda kwa kilomita tano na nusu kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayewahi basi kwa miguu, lakini magoti yanabaki salama. Wengi huja na gia za mashindano ya lami kwa kuona aibu kupanda polepole. Aibu hiyo haifiki mbali.

Gia hiyo ndiyo inayoamua habari ya umeme, na hapa watu hawaunganishi mambo. Dainamo za sasa hukaa ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu la mbele, haziburuzi tairi kama zile za Phoenix za wazee wetu, na zinasifiwa kuwa ukiwa nayo huhitaji chaja. Ulaya kwenye tambarare, kweli. Ila chini ya kilomita kumi na kitu kwa saa dainamo haitoi umeme wa kutosha kuchaji simu, na Rwanda nusu ya siku uko kwenye mwendo wa tano au sita. Mteremko unaofuata ni mfupi wa muda hata kama ni mrefu wa umbali. Kwa hiyo niliiachia dainamo kazi ya taa ya mbele tu, nikabeba pawabenki mbili za 10,000 mAh. Kila moja hujaza simu ya kawaida kama mara moja na nusu. Na plagi: kwetu tumezoea pini tatu bapa, Rwanda soketi ni za matundu ya duara. Chaja ya pini mbili za duara, yenye matundu mawili ya USB, inapatikana Kariakoo. Nunua kabla ya safari, kwa sababu saa tano usiku gestini hakuna wa kukuazima.

Taa ya nyuma nilifunga mbili, moja kwenye nguzo ya siti na nyingine kwenye fremu, zikiwa na betri tofauti, pamoja na kizibao cha kuakisi mwanga ambacho sikukivua hata mchana wa ukungu. Mike Hall niliyemtaja aligongwa na gari alfajiri, Machi 2017, akiwa katika mbio za kuvuka Australia, akafariki pale pale. Tangu hapo sibishani na mteja kuhusu uzito wa taa. Nazifunga.

Sasa mabegi. Sheria yangu ni moja: kitu unachokihitaji ukiwa juu ya baiskeli kikae mbele yako, unachokihitaji ukishuka kikae nyuma, na kile unachoomba Mungu usikihitaji kikae chini kabisa. Begi dogo la juu ya fremu, karibu na usukani, ni la chakula na pesa. Vimfuko viwili vilivyoning'inia kwenye usukani, kimoja chakula na kimoja koti la mvua, koti likiwa limesokomezwa bila kukunjwa, maana kukunja ni anasa ya mtu aliyesimama. Begi la pembetatu ndani ya fremu lilibeba vifaa vizito: pampu, tyubu mbili, pawabenki, spana. Begi la chini ya siti lilikuwa la usiku: sweta la sufu, soksi kavu, suruali ya kuzuia maji, blanketi la karatasi ya rangi ya fedha la kutunza joto. Begi hilo sikuligusa hadi jua lilipozama.

Nguo zangu nilizifunga kwenye mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji, ile ya kukunja mdomo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka mingi kabla ya Kenya mwaka 2017 na sisi Tanzania mwaka 2019, na mpakani wanakagua kweli. Ukifika Rusumo na soksi zako kwenye rambo, utazishika mkononi.

Na vipuri. Kwa baiskeli ya kisasa kuna kibati kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike kabla fremu haijaumia, na kila fremu ina chake, hakuna duka la Huye wala Rubavu litakalokuwa nacho. Kina uzito wa kama barua. Kibebe. Kisha pedi za breki, jozi mbili, za metali. Pedi laini hazipigi kelele na zinashika vizuri kwenye lami kavu, lakini tope jekundu lenye mchanga likiingia kati ya pedi na diski linafanya kazi ya msasa, na mteremko mmoja mrefu wa mvua unaweza kuzimaliza. Matairi niliweka ya milimita 42 bila tyubu, na maji ya kuzibia nikayamimina upya siku mbili kabla ya mbio, kwa sababu joto letu huyakausha ndani ya tairi bila wewe kujua.

Kioo cha pembeni ni kitu kidogo ambacho Watanzania na Wakenya husahau kukifikiria. Ukivuka daraja la Rusumo magari yanahamia kulia, yaani yanakupita kushotoni. Nilikitoa kioo upande wa kulia wa usukani nikakifunga kushoto, na saa nikairudisha nyuma kwa saa moja.

Tuliondoka Kigali bado giza. Baadaye asubuhi nikajikuta katikati ya vijana wa baiskeli za mizigo, wale abanyonzi, kila mmoja na mikungu ya ndizi au magunia ya viazi, juu ya baiskeli ya gia moja. Mmoja alinisindikiza kwenye kilima kirefu akitembea kwa miguu na kusukuma baiskeli yake, mkono mmoja usukanini, mwingine kwenye gunia, huku akikagua mabegi yangu kwa jicho la mtu anayejua kazi. Aligusa kamba ya begi la siti, akaivuta, ikakaza tundu moja zaidi. Hakusema kitu. Alikuwa sahihi: lilikuwa linacheza, na begi linalocheza kwenye vumbi hukata kamba zake lenyewe.

Kaskazini, kwenye maziwa pacha ya Burera na Ruhondo, mandhari ni ya kupigiwa picha, mimi sikupiga. Upande wa Musanze, chini ya volkano, kuna vipande vya njia vilivyojaa mawe meusi yaliyotokana na lava, yenye makali, na hapo presha ya tairi ndiyo kila kitu. Nilipunguza hadi nikaweza kuliminya tairi kwa kidole gumba. Ukiliacha gumu, kila jiwe linapanda hadi kwenye viganja.

Kuanzia Rubavu njia inashuka kusini kandokando ya Ziwa Kivu, ile Congo Nile Trail ya zaidi ya kilomita 200 hadi Rusizi. Ramani inakudanganya kuwa ni ufukweni. Ni kupanda rasi, kushuka ghuba, kupanda rasi nyingine, migomba, daraja la magogo, watoto wakipiga kelele "komera!", yaani jipe nguvu, na kukimbia nawe hadi pumzi ziwaishie. Rubavu imepakana na Goma, Kiswahili kinatembea. Mama wa mandazi aliniuliza, "Papa, iyi kinga yako inabeba nini yote?" Kinga kwao ni baiskeli. Nikamwonyesha. Akacheka blanketi la fedha, akaniongezea mandazi moja.

Chakula cha mbio hizi kinahitaji utaratibu kuliko ladha. Mwili ukiwa kazini hivi unataka gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, na tumbo la mtu aliyechoka hukataa vitu vitamu kabla halijakataa vya chumvi. Kwa hiyo peremende na ndizi zilikuwa za mchana. Jioni nilihamia viazi vya kukaanga, chapati, na ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye chupa moja kati ya mbili. Kandoni mwa Kivu nilikula isambaza wa kukaanga, dagaa waliotolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950. Vilivyobaki nilivifunga kwenye karatasi, vikaingia kwenye kimfuko cha usukani, na kwa kilomita nyingi baiskeli yangu ilinuka kama soko la Kigoma.

Nyungwe ndiko mpangilio wa mabegi ulikolipa. Kati ya Gisakura na Kitabi kuna zaidi ya kilomita 40 za lami ndani ya msitu bila duka, barabara ikipanda juu ya mita 2,400. Msitu huo uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023, na mvua yake haisomi kalenda ya kiangazi. Ilinikuta nikipanda. Koti nilivuta kutoka usukanini bila kushuka. Wakati wa kupanda mwili unatoa joto lake wenyewe, balaa ni kuteremka: umelowa jasho, upepo wa kilomita 50 kwa saa, na vidole vinavyopaswa kuminya breki havijui tena viko wapi. Kileleni nilisimama mara moja tu, nikavaa kila kilichokuwa kwenye begi la siti, glavu za mpira za kuoshea vyombo juu ya glavu za baiskeli, nikashuka. Askari aliyekuwa doria chini ya mti alizitazama zile glavu za njano kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Ni nyepesi, hazipitishi maji wala upepo, na sijaona glavu za bei mbaya zinazozishinda.

Kitabi nilibadilisha pedi za nyuma chini ya taa ya duka, nikanywa chai ya maziwa vikombe viwili, nikalala kwa saa tatu. Kuanzia hapo hadi Huye na kurudi Kigali sina mengi ya kusimulia: joto, malori, vilima vya lami ambavyo siku nyingine ningevipenda.

Kilichoniumiza baada ya mbio hakikuwa miguu. Ni kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kushoto, vilivyokufa ganzi kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja ulibanwa na usukani. Kwa fundi anayeshika bisbisi kila siku, hilo ni tatizo la mkate. Usukani wa mbio zijazo tayari nimeuvisha tepu mbili, moja juu ya nyingine, na nimeuinua kwa ringi mbili za sentimita moja moja.