Joto la ukomo wa hedhi halitokani na mawazo

Mwanamke wa miaka 48 akiamka usiku amelowa jasho, ataambiwa ana mawazo mengi, au presha. Kauli hizo zimewanyamazisha kina mama wengi, na si za kweli.

Chanzo ni homoni. Ndani ya ubongo, haipothalamasi ndiyo inayosimamia joto la mwili. Estrojeni, homoni ya kike, ikipungua wakati wa ukomo wa hedhi, seli fulani za neva hapo husisimka kupita kiasi, na mwili hushindwa kuvumilia hata ongezeko dogo la joto, chini ya nyuzi moja. Mishipa ya ngozi hutanuka, uso huwaka, jasho hutoka, kisha baridi huingia. Dawa ya fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, si homoni; hutuliza seli hizohizo.

Msongo wa mawazo una nafasi yake, lakini ni kichocheo tu. Wasiwasi hupandisha adrenalini, homoni ya mshtuko, na mwili uliokwisha kuwa mwepesi kushtuka hushtuka mapema zaidi. Usingizi nao hukatika, na mtu asiyelala huamka na msongo mkubwa kuliko wa jana. Kumwambia mama huyu “acha mawazo” ni kumbebesha lawama asiyostahili. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2015, nusu ya wanawake waliosumbuliwa na joto hili mara kwa mara waliishi na hali hii zaidi ya miaka 7.

Tiba ipo, ikiwemo ya homoni, kwa ushauri wa daktari. Na jasho la usiku likija pamoja na kikohozi au kukonda, apimwe kifua kikuu.