Upinde wa kuunga sio upinde wa tabaka

Upinde wa kuunga ni upinde uliotengenezwa kwa vipande viwili vifupi vya mti vilivyokutanishwa kwenye mshikio, kila kipande kikawa mkono mmoja wa upinde. Basi. Ningeishia hapo kama huku kwetu, kuanzia Mafinga hadi Uyole, jina hilo lisingebandikwa kwa kila upinde ulioguswa na gundi.

Nimesikia upinde uliobandikwa ukanda wa mwanzi mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha, ukiitwa wa kuunga. Uliovunjika mkono ukafungwa waya, nao eti wa kuunga. Vijana wanaoranda mabanzi ya pain, wakayalaza moja juu ya jingine kwa gundi nyeupe, wanasema vilevile: tumeunga. Hayo ni mambo tofauti kabisa, na anayeyachanganya ipo siku atauvuta mbele ya uso wake upinde usiostahili kuvutwa.

Kwenye upinde wa tabaka, yaani ule wa mabanzi yaliyolazwa moja juu ya jingine, gundi imelala kwa urefu wote, ncha hadi ncha. Kila ukivuta upote, ile kamba ya upinde, gundi yote inafanya kazi pamoja na mti. Pinde za Wajapani, zile zinazozidi mita mbili kwa urefu, ni za namna hiyo: mwanzi mgongoni, mwanzi tumboni (upande unaomtazama mpigaji), mbao katikati. Upinde wa kuunga ni habari nyingine. Gundi iko mahali pamoja tu, katikati, urefu wa kiganja hivi, pale ambapo mti umeachwa mnene makusudi ili usipinde. Mikono yote miwili ni mti mtupu, haina gundi hata tone.

Wazee wetu hawakuhangaika na haya. Upinde wao ni ufito mmoja, wa mkole kwa mfano, ukachongwa ukabaki karibu mviringo, na unapinda wote kuanzia ncha moja hadi nyingine. Haja ya kuunga inakuja unapotaka upinde bapa wa kupasua kwenye gogo. Kupata gogo la karibu mita mbili lililonyooka, lisilo na fundo wala msokoto, ni kazi. La sentimita 90 utalipata. Unalipasua, unachukua vipande viwili vilivyokuwa jirani ndani ya gogo lilelile, na hao ndio pacha. Pete za mwaka zinalingana, uzito unalingana, na ukivikutanisha upande wa shina kwa upande wa shina, mikono itapinda kwa namna moja. Ukichukua kipande kimoja Mufindi na kingine Makete, hata kama mti ni wa jina moja, utashinda ukipunguza mkono huu na ule bila kuvilinganisha.

Mbinu hii ni ya kale, wala haikubuniwa na maskini wa mbao. Pinde za Waturuki za pembe na mishipa ya wanyama zilikuwa na kiini cha mbao cha vipande kadhaa vilivyoungwa kwa umbo la V, mshikio ukiwa mojawapo ya sehemu hizo. Waingereza wa karne ya 19 waliokuwa wakishindana kulenga shabaha waliunga pinde zao za mti uitwao yew. Marekani wanaunga mti wa osage hadi leo, kwa sababu mti huo hukua kwa kujipindapinda na kipande kirefu kilichonyooka ni adimu. Zile pinde zaidi ya 130 zilizotolewa kwenye meli ya kivita ya Waingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, hizo sasa ni za kipande kimoja kimoja. Kwa hiyo njia zote mbili zina heshima yake.

Linaloniuma zaidi ni dai kwamba kiungo hakibebi mzigo kwa kuwa mshikio haupindi. Watu hulitamka kama sifa ya upinde wa kuunga, kisha wanaunga ovyo. Ukweli ni kinyume: upinde ukivutwa, nguvu inayotaka kuukunja ni kubwa kuliko kote hapo kwenye mshikio. Kinachouokoa ni unene. Ukiongeza unene mara mbili bila kubadili upana, mkazo unaozipata nyuzi za juu kabisa unashuka hadi robo, na ukaidi wa kupinda unapanda mara nane. Ndiyo maana mshikio unaachwa uvimbe. Fundi akiukwangua mshikio ili nao upinde kama upinde wa babu, ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinakilinda kiungo, na hapo gundi ya bei yoyote haitamsaidia.

La pili ni umbo la kiungo. Huwezi kukata vichwa viwili bapa, ukavipaka gundi, ukavigonganisha. Pale msumeno ulipokata nyuzi kwa kukingama, mti umejaa vijitundu wazi kama mirija. Unafyonza gundi na kukuacha na ukavu. Gundi hushika vizuri ubavu kwa ubavu, nyuzi zikienda sambamba. Kwa hiyo kichwa kinachongwa kwa mteremko mrefu: V moja, huku ulimi na kule pengo, au V mbili zinazofanya mstari wa Z ukiutazama upinde mgongoni. Ulimi wa sentimita 10 ni kipimo kizuri. Mshikio wenye upana wa sentimita 4 ukiuunga kwa Z ya urefu huo, eneo la gundi linakuwa kubwa mara nyingi kuliko la vichwa bapa, na karibu lote ni ubavu.

Ulimi lazima ujae pengoni. Msumeno mwembamba ukate nje kidogo ya mstari, tupa imalizie. Kwa mti mgumu, ncha huchemshwa kwenye maji zikalainika, zikabanwa pamoja bila gundi hadi zikauke zikiwa zimefuatana umbo. Kabla ya kutia gundi, vuta uzi kutoka ncha ya mkono huu hadi ncha ya mkono ule: upite katikati ya mshikio. Kosa la digrii mbili kwenye kiungo linaisogeza pembeni ncha ya mkono wa sentimita 90 kwa sentimita tatu hivi, na gundi ikishakauka hakuna randa ya kulirudisha.

Kuhusu gundi sina mengi. Ile nyeupe ya madirisha na meza huteleza polepole ikikaa chini ya mzigo; epoksi ni bora, ila usiibane hadi itoke yote. Na kwa baridi ya Juni na Julai huku juu, epoksi inachelewa kukomaa, kwa hiyo iweke chumba chenye joto na usiiharakishe. Kufunga, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa ukanda mrefu unatosha kabisa.

Kwa hiyo, ndugu fundi, mtu akikuletea upinde akasema ni wa kuunga, mwulize akuonyeshe gundi ilipo. Akigusa mshikio, na mshikio ni mnene, na unaiona ile Z mgongoni, amesema sawa. Akipitisha kidole mgongo mzima, mwambie kwa upole kwamba huo ni wa tabaka na una kanuni zake. Akikuonyesha waya uliozungushwa katikati ya mkono, mwombe asiuvute.