Nguzo za Namoratunga na dira inayodanganya

Nguzo 19 za mawe ya basalti zilizosimikwa kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, zilipata sifa mwaka 1978. Watafiti Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba ukivuta mistari kutoka nguzo hadi nguzo, inaelekea mahali zinapochomoza nyota ambazo Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, huhesabia kalenda yao, Kilimia kikiwemo. Walikadiria kuwa zilisimikwa karibu mwaka 300 KK. Wageni wengi bado wanaambiwa hivyo, kana kwamba kesi imefungwa. Haijafungwa, na sehemu kubwa ya tatizo ni vipimo.

Basalti ina chembe za madini yenye sumaku. Ukiisogeza dira karibu na nguzo, sindano huvutwa. Kuna njia rahisi ya kulijua hilo: simama kwenye nguzo ya kwanza usome mwelekeo wa nguzo ya pili, kisha nenda kwenye ya pili usome mwelekeo wa ile ya kwanza. Masomo hayo mawili yapishane kwa digrii 180. Yakipishana kwa 176 au 185, usiyaandike. Mtafiti mwingine, Soper, alipopima upya akizingatia sumaku hiyo, mwaka 1982, alipata pembe tofauti na zile za kwanza. Dira ya simu nayo huvutwa vilevile, na GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, kosa kubwa mno kwa nguzo zilizosogeleana.

Tumia jua. Chomeka kijiti cha mita 1 mahali tambarare na ukinyooshe kwa timazi. Asubuhi, weka kigingi kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba chora duara linalopita hapo, kijiti kikiwa katikati. Alasiri, ncha ya kivuli ikigusa tena duara, weka kigingi cha pili. Mstari kati ya vigingi ni mashariki-magharibi. Ardhi ikiwa na mteremko, mstari utapinda, kwa hiyo sawazisha kwanza. Baada ya hapo pima pembe kwa theodolaiti (chombo cha wapima ardhi cha kusomea pembe), au vuta tepe kutoka kwenye mstari huo.

Kisha kuna suala la kuinama. Nguzo ya mita 1.5 iliyolala digrii 10 imesogeza kilele chake sentimita 26. Kwa nguzo zilizo mita 10 mbali, hizo ni digrii moja na nusu. Pima kwenye shina, si kileleni, na uandike mwinamo wa kila nguzo.

Hata vipimo vikiwa safi, bahati nasibu ipo, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Nguzo 19 zinatoa jozi 171, na kila jozi inatazama pande mbili: mielekeo 342. Ukikubali kosa la digrii 1 kila upande, nyota yoyote utakayoichagua itapata karibu mielekeo miwili kwa bahati tu. Kwa hiyo nyota kuangukia kwenye mstari si ushahidi. Ushahidi ungekuwa mistari mingi kuliko hiyo.

Na umri? Utafiti wa karibuni unaziweka nguzo za namna hii kuzunguka ziwa kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita, enzi za wafugaji wa kwanza wa eneo hilo. Mhimili wa dunia huyumba polepole, takriban digrii 1 kwa miaka 72, na sehemu za kuchomoza nyota huhama nao. Hesabu ya anga ya mwaka 300 KK haiwezi kuhamishiwa miaka 1700 hadi 2700 nyuma.

Kwa maoni yangu, la kushangaza zaidi liko chini ya ardhi. Katika Lothagam Kaskazini, kusini zaidi upande huohuo wa ziwa, wafugaji hao walijenga jukwaa la upana wa mita 30 hivi, wakazika katika shimo la katikati yake watu wasiopungua 580 kwa makadirio, wake kwa waume, watoto kwa wazee, wengi wakiwa na mapambo. Mwishoni wakafukia shimo na kusimika nguzo, baadhi zikibebwa kutoka umbali wa kilomita moja.

Ukifika Kalokol, usiinyooshe nguzo iliyoinama wala usichimbue shina lake kutafuta kina. Mkaa, vigae na maganda ya mayai ya mbuni yaliyomo kwenye udongo huo ndiyo yanayotoa tarehe, na yakishachanganyika hayapangiki tena.